Kabla ya Bei, Kiberiti

Muuza roli ametoka Kariakoo na basi la usiku,
vumbi la Gairo bado limemkalia kwenye nyusi.
Pamba tupu hii, mama, anasema, pamba asilia,
gramu mia tatu na themanini kwa mita,
imeandikwa hapa, soma.

Sisomi. Karatasi hukubali lolote.
Nachomoa uzi mmoja pembeni, nauwasha.
Pamba huungua kama daftari la shule,
hubaki majivu ambayo upepo wa Nkuhungu
huyachukua bila kuaga.
Huu umejikunja, umelia,
umedondosha tone jeusi, gumu kama mbegu ya zabibu,
na duka zima limenuka kandambili motoni.

Mchanganyiko kidogo tu, anasema.

Kidogo.

Sina ugomvi na poliesta.
Mabango ya harusi nayachapa juu yake,
yaishi wiki moja, yafe kwa heshima.
Ugomvi wangu ni na jina la kuazima.

Nalinyanyua turubai mlangoni, jua lipite nyuma yake:
mafundo, nyuzi zilizoruka, tundu la sindano.
Nakunja kona, nakunjua.
Mstari mweupe umebaki, koti limepasuka.
Hapo ndipo picha itakapogeuka ukingo wa fremu,
hapo ndipo mtu atakapoanza kubanduka,
kuanzia sikioni.
Na weupe wake umezidi, weupe wa shati lililotiwa buluu;
ukutani, mwaka mmoja, utakuwa samli.

Mbao ni kazi ya fundi Chibago.
Msonobari mbichi ukishushwa hapa mwezi wa Agosti
hewa yetu huunyonya mpaka ulie usiku, kakaka,
kama mtu anayevunja vidole.
Yeye huulaza miezi minne chini ya bati
ndipo auguse na msumeno.
Wateja humwita mvivu.

Haya sikuzaliwa nayo.
Mwaka wa kwanza wa duka nilinunua wino wa chupa,
wa bei ya kutupa, nikamchapia Mama Sechelela wa Mvumi
picha ya marehemu mumewe, koti la kahawia,
mashavu yamejaa kama ya mtu aliyetoka kula.
Akaitundika mkabala na mlango wa magharibi.
Sikujua kwamba wekundu hutangulia kuondoka.

Alirudi baada ya mvua mbili. Hakuja kugomba.
Mbukwa, akanisalimu, akafungua kanga,
akaiegemeza picha kwenye kaunta taratibu.
Mashavu kijani. Midomo buluu.
Akaniuliza kwa sauti ile ya wodini:
Mwanangu, huko aliko, anaumwa?

Nilimchapia nyingine bila senti.
Ile ya kwanza hakuiacha.
Alisema hawezi kumtelekeza mgonjwa dukani.

Muuza roli anafunga mzigo wake.
Mji huu unajengwa, mama, ananiambia,
ofisi mpya kila kona zinataka picha ukutani,
na hakuna anayechoma nyuzi.

Huenda.

Kwenye dirisha langu la magharibi kuna vipande sita,
wino wa makampuni sita, nusu nimeziba kwa kadibodi,
tarehe kwa penseli: tangu Februari.
Ijumaa nitafunua.
Wawili nawashuku tayari; yule wa nne
anakaza kama mbuzi anayevutwa sokoni.

Benchini yupo Ndahani, simu mkononi.
Mama yake yumo humo ndani,
amesimama kwenye mtama wa Hombolo,
anacheka na mtu ambaye kamera haikumchukua.
Kioo kina ufa unaompitia begani.
Ndahani anakifuta kwa mkono wa shati, tena na tena,
kama vile ufa ni vumbi.

Ya bei rahisi ipo, dada?

Ipo, namwambia.
Nampa kiberiti.